Simu Isiyotaka Mikono Miwili

Siku Claver alipoirudisha ile simu, hakuitoa mfukoni. Aliileta juu ya kipande cha ubao, kama mtu aliyebeba yai bichi, akaiweka kwenye meza ya Rosette katikati ya soko la Baraka, mji ulio kando ya ziwa. Kisha akasema kwa sauti iliyowafanya hata wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, wageuke:

"Mama Rosette, angalia telefone yako. Hii kitu haipende kukamatwa."

"Haipende kukamatwa? Iko paka?"

"Heri paka. Paka inalia kwanza, mbele ya kukukwaruza."

Wauza ndagala walicheka. Rosette hakucheka. Alikuwa mwanamke wa kazi, mwenye diploma yake ya biashara aliyoisomea Uvira, na alikwisha kuzoea wateja wanaofoka. Kwake mteja mwenye hasira alikuwa kama mvua ya Aprili: unakaa chini ya bati, unangoja ipite.

Claver alikuwa Mrundi, mkulima, anakaa katika kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Alikuwa amenunua Lumeko, simu mpya iliyokuwa imewatia watu wazimu mjini. Ilizungukwa na mkanda wa chuma unaong'aa, na wasichana waliiita bangili. Pale sokoni ilifanya kazi vizuri, kwa kuwa mnara wa rezo, yaani mtandao wa simu, ulisimama nyuma tu ya soko. Lakini Lusenda, Claver alieleza, kila ndugu yake alipopiga kutoka ng'ambo, sauti ilisikika neno moja, mawili, halafu kimya.

"Ni rezo ya Lusenda," alisema Rosette.

"Hapana. Kuja."

Alimpeleka nyuma ya stoo ya chumvi, mahali ambapo kuta nene huzuia rezo. Simu ikiwa juu ya ubao, vijiti viwili vya rezo vilionekana. Claver akaichukua, akaifumbata kiganjani kama anayeongea. Vijiti vikafutika. Akafungua mkono, vikarudi. Akafumba tena, vikafutika.

"Unaona? Ukiikumbatia, inazimia."

Rosette alijaribu mwenyewe. Mkono wake ulikuwa mdogo kuliko wa Claver, lakini simu haikubagua. Palepale alimpigia mfanyabiashara wa Uvira aliyemuuzia makatoni ya Lumeko. Yule mtu alicheka.

"Mama, ule mukanda wa chuma njo antene. Mukono ukiufunika, imekwisha. Wambie batu baikamate na vidole, polepole. Na usinirudishie kitu, mi nimeshaagiza zingine za namna ingine."

Rosette alirudi kwa Claver na uso mkavu. "Anasema unaikamata vibaya."

Claver akamwonyesha viganja vyake. "Mama, nimekamata jembe, nimekamata batoto, nimekamata hata mukono ya Askofu. Hakuna mwenye aliniambia ninakamata vibaya." Akaichukua simu yake, safari hii kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akaenda zake.

Hapo ndipo mtu mwingine angeziondoa zile simu mezani. Rosette hakuziondoa. Mtaji wake wote ulikuwa ndani ya makatoni yale, na watoto wake walikuwa shuleni. Alijiambia kwamba wakazi wa mjini hawataona tofauti, wana mnara juu ya vichwa vyao. Alibadilisha jambo moja tu katika namna yake ya kuuza: tangu siku ile, mteja akitaka kujaribu Lumeko, Rosette aliilaza juu ya meza, akafungua sauti ya nje, akasema, "Sikiliza vile inasikika muzuri." Wala hakumpa mteja aishike mpaka amekwisha kulipa.

Juma lililofuata alikuja Bienfait.

Bienfait alikuwa dereva wa pikipiki, kijana mpole mwenye meno ya mbele yaliyoachana. Harusi yake na Solange ilisimamiwa na Rosette na mumewe Henri, kwa hiyo Rosette alikuwa marene wao, mama wa ndoa. Kanisani ndiye aliyesimama nyuma ya Solange akiushika mkia wa gauni lake. Nyumbani ndiye aliyepaswa kuitwa wakigombana. Sasa Solange alikuwa karibu kujifungua, na Bienfait alitaka asibaki bila simu wakati yeye yuko barabarani.

"Marene, nichagulie ya muzuri. We njo unajua."

Rosette alijua. Alijua pia kwamba nyumba yao ilikuwa mwisho wa mji, upande wa barabara ya Fizi, chini ya kilima, ambapo rezo hufika imechoka. Mezani zilikuwepo simu nyingine. Lakini mkono wake ulichukua Lumeko, na hakuna shetani aliyeusukuma.

"Hii," alisema. "Mukeo atafurahi."

Na Solange alifurahi kweli. Alikuwa binti wa Fizi-centre, aliyelelewa kwa adabu ya zamani: hapiti mbele ya mkubwa bila kuinama, hapokei kitu kwa mkono mmoja. Ile simu yenyewe aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akamwambia mumewe asante kama vile amepewa shamba.

Akazaa mtoto wa kiume.

Katika ukoo wa Bienfait, jina la mtoto hutolewa na babu mzaa baba, na mama wa mtoto hulipokea kwa mdomo wake mwenyewe: babu analitaja, mama analirudia, na hapo mtoto amekuwa mtu wa nyumba ile. Babu huyo, Papa Fabien, alikaa Ubwari, katika kijiji cha wavuvi kisichofikika ila kwa boti. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba, hawezi kusafiri. Akasema basi, dunia imebadilika, jina atalituma kwa simu.

Siku hiyo majirani walikusanyika uani kwa Bienfait. Simu ikalia. Solange akatoka na kitenge kipya, akapiga magoti, akaichukua simu kwa mikono miwili, kwa maana kinachopokelewa si maneno tu, ni jina.

"Solange, mutoto wangu," sauti ya mzee ilisikika. "Jina ya mutoto ni…"

Kimya.

Mzee akapiga tena. Solange akaishika vizuri zaidi, viganja vyote viwili vimeifunika, kichwa kimeinama. Kimya. Mzee akapiga mara ya tatu. Kimya. Hakupiga tena.

Jioni Rosette aliitwa. Alimkuta Bienfait amesimama kando ya pikipiki yake, hatulii. Solange alikuwa amekaa kwenye mkeka na mtoto kifuani, macho yamevimba.

"Marene, umuulize huyu mutoto wako," alisema Bienfait. "Papa anatoa jina ya kaka yake mukubwa mwenye alikufa mu maji. Na yeye anamukatia. Mara moja, mara mbili, mara tatu! Bantu bote banaangalia."

"Sikukata," alisema Solange. "Marene, Mungu anaona, sikukata. Ilijikata."

"Ilijikata! Na mama yake wa Fizi inajikataka? Wanaongea mpaka sufuria inaungua! Majirani bameshamwambia papa: na mama yake anaongea saa muzima, na we inakufa. Sasa papa anauliza, hii telefone inajuaje nani iko mukwe na nani iko muzazi?"

Rosette aliuliza swali moja tu, ingawa jibu alikuwa nalo tayari. "Mama yako akipiga, unaiweka wapi?"

"Mi ninanyonyesha, marene. Ninaiweka hapa chini kwa mukeka, ninafungua sauti. Ni mama yangu, hatasikia vibaya. Lakini Papa Fabien…" Solange alishangaa kuulizwa. "Naye nitaongea naye telefone ikilala chini kama kiatu?"

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Kadiri binti huyu alivyozidisha heshima, ndivyo simu ilivyozidi kumtukania mkwewe. Asingejali adabu, asingepata shida yoyote.

Maneno yalikuwa mafupi, na yalikuwa kwenye ncha ya ulimi: ni simu, nilijua. Lakini uani bado walikuwepo majirani wawili watatu wanaojifanya wanachambua majani ya sombe, na mmoja wao alikuwa ameshika Lumeko yake mwenyewe. Rosette alipofungua mdomo, lililotoka lilikuwa jambo jingine.

"Solange, mukubwa akikasirika, mudogo anaomba musamaha. Hata kama hakukosa. Umupigie sasa hivi."

"Ndiyo, marene."

Solange akamlaza mtoto, akafunga kitenge upya, akapiga magoti tena kwenye mchanga uleule. Akabonyeza, akaishika simu kwa mikono miwili. Rosette alikuwa amesimama nyuma yake, mahali palepale pa marene, na juu ya bega la binti aliona vijiti vya rezo vikipungua: viwili, kimoja, hakuna.

"Papa, ni mi Solange. Ninaomba unisa…"

Kimya.

Solange aliitazama ile simu, kisha akaitazama mikono yake. Rosette alisema tu, "Ni rezo," na neno lenyewe likamnuka mdomoni.

Punde simu ya Bienfait ikalia, simu ya zamani ya vitufe, iliyofungwa mpira. Sauti ya Papa Fabien ilisikika uani bila shida. Alisema sasa ameelewa. Hata msamaha wa mwanamke huyu una mkasi ndani yake. Jina la kaka yake hatalitoa tena. Na Solange arudi kwa wazazi wake Fizi kabla ya Jumapili, wamfundishe walichosahau kumfundisha, na mtoto aende hivyohivyo, bila jina.

Rosette alirudi kwake kwa miguu. Henri alimuuliza ya huko, akamjibu, "Mambo ya bakwe," akaingia jikoni, akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Asubuhi alipata akili, au alichokiita akili. Alichukua sokoni simu nzuri ya vitufe, mpya, akaifunga katika karatasi ya rangi, akaipeleka kwa Solange. Zawadi ya mzazi, kutoka kwa marene. Binti ataitumia, mzee atasikia, mambo yataisha yenyewe, na Rosette hatakuwa amesema neno. Njia nzima alijisifu kidogo kwa wazo hilo.

Bienfait ndiye aliyeifungua karatasi. Akaigeuza simu ile mkononi, uso ukamkunjamana.

"Marene, mi nilimununulia muke wangu telefone kubwa. Kwako. Sasa unamuletea hii ya bazee? Bantu batasema Bienfait alinunua ya juu, akaiuza, akamurudisha chini."

"Ni zawadi tu."

"Tunashukuru. Lakini iko na telefone."

Alipoondoka kwenda kuwasha pikipiki, Solange alisema kwa sauti ndogo, "Marene, usihangaike. Hata hiyo itakatika. Haiko telefone."

"Ni nini basi?"

"Ni mikono yangu." Aliinyoosha mbele yake, mikono ya kawaida ya msichana aliyefua na kulima. "Jirani anasema kuna batu wenye mikono mizito. Bienfait akiikamata, inaongea. Mi nikiikamata, inakufa. Nimejaribu usiku. Niliomba kwanza, nikaikamata, ikakufa. Leo asubuhi niliogopa hata kumukamata mutoto vizuri."

Bienfait alikuwa na tabia ya kuishika simu kwa ncha za vidole, kwa sababu vidole vyake vilikuwa na oili siku zote. Rosette alikuwa ameliona hilo mara nyingi.

Aliondoka bila kuaga vizuri. Sokoni aliketi nyuma ya meza yake, na zile Lumeko zilimtazama. Mwanamke mmoja aliuliza bei, Rosette akasema haziuzwi. Mwingine akauliza, akasema zina mwenyewe. Saa sita alizikusanya zote kwenye katoni, akakalia katoni. Wenzake walimtania kwamba anaatamia mayai. Kuziondoa mezani kulikuwa rahisi, kumbe. Hakukumpunguzia chochote.

Jumamosi alikwenda. Alimkuta Solange anafunga mizigo: sufuria mbili, nguo za mtoto, ndoo. Bienfait alikaa kizingitini na kichwa mikononi. Alimpenda mkewe, hilo kila mtu alilijua, lakini neno la baba yake lilikuwa juu yake kama paa la nyumba.

"Acha kufunga," alisema Rosette.

"Pikipiki inangoja, marene."

"Acha, ninakuambia. Haiko mikono yako. Ni telefone. Ule mukanda wa chuma, mukono ukiufunika, rezo inakufa. Mukono wa kila muntu. We unaikamata na mikono miwili, ndiyo maana inakufa mbio zaidi."

Alichukua Lumeko iliyokuwa juu ya mkeka, akawaonyesha: akaifunika kwa mkono mmoja, vijiti vikapungua, kwa miwili, vikafutika. Bienfait aliruka kutoka kizingitini, akaijaribu, akakodoa macho, akaanza kucheka kwa furaha kama mtu aliyeambiwa ugonjwa wake ni mafua tu. "Solange! Angalia! Ni hii kitu! Ni hii shetani ya chuma!"

Solange hakuiangalia simu. Alimwangalia Rosette.

"Ulijua lini?"

Rosette angeweza kusema jana. Angeweza kusema leo asubuhi. "Zamani, mbele Bienfait ainunue," alisema.

Kicheko cha Bienfait kikakatika.

"Na ile siku nilipiga magoti hapa," Solange aliendelea polepole, "we ukasimama nyuma yangu. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa ninajua."

"Ulikuwa unaangalia?"

"Nilikuwa ninaangalia."

Mtoto alilia, Solange akamchukua, akampa ziwa. Alimkumbatia kwa nguvu, kwa viganja vyote viwili, Rosette akaliona hilo. Kisha, bila kuinua sauti, Solange alisema, "Basi utaenda kumwambia Papa Fabien wewe mwenyewe. Kwa mudomo. Na magoti utapiga wewe."

"Solange!" alisema Bienfait. "Ni marene!"

"Ninajua ni nani."

Rosette alijaribu kwanza kumpigia mzee kwa simu yake mwenyewe, akidhani atajiokoa na safari. Papa Fabien alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, unauza telefone, na unanieleza ubaya wa telefone ndani ya telefone. Mi nimechoka na telefone. Kama neno yako ni ya kweli, itavuka maji." Akakata, na safari hii ilikuwa ni kukata kweli.

Wakavuka Jumapili baada ya misa ya kwanza, Rosette, Bienfait, Solange na mtoto, katika boti ya mashine iliyobeba magunia ya unga na wanawake wa Ubwari waliotoka sokoni. Wanawake wale walimjua Rosette, wakamtania: mama wa telefone anakuja kutuuzia hata huku? Akajibu hapana, anakuja kwa mambo ya familia. Solange alikaa upande wa pili, mgongo umemwelekea.

Papa Fabien alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba mbele ya nyumba yake, mguu juu ya kigoda, ndagala zimeanikwa mchangani kote. Hakuinuka. Hakumwangalia Solange. Kijiji kilikuwa kidogo, na katika kijiji kidogo boti ikileta mgeni kila mtu hupata kazi ya kufanya karibu.

Rosette alikuwa ametayarisha maneno yake ndani ya boti. Alitaka kueleza habari ya antena na makatoni, na yule mtu wa Uvira aliyekataa kuzirudisha. Alipofika mbele ya mzee, aliona kwamba maneno yale yote yalikuwa yanamhusu yeye, Rosette. Akayaacha. Akavua viatu, akapiga magoti mchangani, mwanamke wa makamo mwenye meza yake sokoni, na magamba ya ndagala yakamchoma magotini.

"Papa, huyu mutoto hakukukatia. Ni telefone. Ukiikamata vizuri na heshima, inakufa. Mi nilijua, nikaiuza. Alipokuomba musamaha nilikuwa nyuma yake, nikaona inakufa, nikanyamaza. Mwenye alikukatia ni mi."

Papa Fabien alinyoosha mkono. "Lete."

Bienfait akampa ile Lumeko. Mzee akaiweka kwenye paja: kijiti kimoja cha rezo. Akaifumba katika kiganja chake kikubwa cha mvuvi: hakuna. Akamwamuru mpwa wake aliye ng'ambo ya ua apige. Simu ikalia, mzee akaishika kwa mikono miwili, akasema "Halo," kisha akabaki anasikiliza kimya kile. Alisikiliza muda mrefu.

"Ni hii njo ulisikia?" alimuuliza Solange. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama.

"Ndiyo, papa."

"Mara tatu?"

"Mara inne, papa. Na ya musamaha."

Mzee alishusha pumzi. "Na mi nikakuita mutoto bila malezi. Mbele ya bantu." Aliiweka simu chini kando ya mguu wake, mbali kidogo, kama kitu kinachonuka. "Kuja karibu. Leta huyo kijana."

Ilikuwa desturi, mama wa mtoto akiwa na marene wake, marene ndiye humbeba mtoto wakati jina linatolewa. Wanawake wa Ubwari walikwisha kumsogezea Rosette kitenge safi. Alikuwa bado amepiga magoti. Akainua mikono.

Solange akaipita mikono ile. Akampa Bienfait mtoto, akarudi, akapiga magoti mbele ya mkwewe.

Mwanamke mwenye kitenge akakikunja taratibu, akakirudisha begani kwake.

"Jina ya mutoto," alisema Papa Fabien, "ni Wilondja."

"Wilondja," alisema Solange, na viganja vyake viwili vilikuwa wazi mbele yake, vimeungana.

Vigelegele vilipigwa. Ugali na samaki vikaja. Rosette alipewa sahani yake kama wengine, hakuna aliyemnyima, na kila tonge lilishuka kama jiwe. Alipokuja kuaga, mzee alimzuia.

"Mama, we uliuzia bantu bangapi?"

"Wengi, papa. Sijui."

"Mi ni muzee mumoja, mu kijiji kimoja. Nilikuwa karibu kumufukuza mutoto wa bantu. Hao wengine, unajua wanafanya nini sasa?"

Claver alimjia Rosette akilini, Claver na ndugu yake wa ng'ambo, maneno mawili na kimya. Labda yule ndugu naye alikwisha kusema: basi, hanitaki tena.

Boti iliporudi na kuikaribia Baraka, rezo ikaingia kwenye simu ya Rosette. Hakungoja kufika. Alimpigia Godelieve, mwalimu wa Fizi aliyenunua mbili, yake na ya mama yake.

"Halo? Mama Rosette? Habari ya…"

"Godelieve, sikiliza, ile telefone usiikamate na…"

Kimya. Akapiga tena. "Halo, ilikati…" Kimya. Akampigia Darius wa bandarini, ambako nako rezo ni dhaifu. Darius aliitika kwa furaha, akafa katikati ya jina lake mwenyewe. Akampigia Kaneza, mshonaji wa Lusenda. Kaneza alipokea, akasema "Nakusikia," akapotea.

Bienfait alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akajifunika uso. Hata mwendesha boti alicheka, ingawa hakujua kinachochekwa. Rosette alibonyeza tena na tena, kichwa kimeinama, na kila aliyempata aliishika simu yake vizuri ili amsikie, na kwa kuishika vizuri akampoteza.

Solange alikuwa amegeuka. Alimwangalia, mtoto amelala kifuani pake. Hakuwa anacheka.

"Kwa telefone hutaweza," alisema. "Enda kwenye manyumba zao."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia tangu jana. Rosette akaitia simu mkobani.

"Utanisamehe, Solange?"

"Sijui, Mama Rosette."

Hakumwita marene. Rosette alilisikia hilo wazi.

Boti iligusa mchanga. Wanawake waliruka majini na mizigo yao kichwani. Pikipiki ya Bienfait ilikuwa imeegeshwa pale bandarini, kwa rafiki yake. Rosette aliteremka, sketi imelowa mpaka magotini, akasimama mbele yake.

"Bienfait, unipeleke Lusenda. Nitaanza na Claver. Kisha Fizi."

Bienfait alimtazama mkewe kwanza.

Solange alikuwa anamfunga mtoto mgongoni. Alikaza fundo, akalijaribu kwa vidole, akalikaza tena.

"Umupeleke," alisema. "Sisi tutatembea."